Tusome sura nzima ndo tuombe

Ndugu Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe kwa wapendwa wote, na wasomaji wengine habari zenu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua hii ni ndefu ila naomba msiikate sana. Nataka kuongea na wakristo wenzangu kuhusu huu utaratibu wetu wa siku hizi wa kuchukua mstari mmoja kwenye Biblia, ule unaotupendeza, tunauweka stetasi, tunaubandika nyuma ya bajaji, tunauombea wiki nzima, na wala hatujawahi kusoma mstari ulio juu yake wala ulio chini yake. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu huku Kihonda, Morogoro, kila Jumamosi asubuhi nakaa na watu wanaoomba, na haya ninayoyasema nayaona kwa watu ninaowapenda.

Chukua Yeremia 29:11. Huo mstari kila mwaka mpya lazima utaukuta, kwenye kalenda, kwenye tisheti za mkesha, kwenye magrupu yote ya WhatsApp. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mstari mzuri sana, na mi mwenyewe naupenda. Lakini ule mstari umo ndani ya barua. Yeremia alikuwa Yerusalemu, akawaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka kwenda Babeli na Nebukadreza, wale wa kundi la mwaka 597 kabla ya Kristo, na barua yenyewe ilipelekwa kwa mkono wa Elasa na Gemaria. Watu wako ugenini, wamepoteza nyumba, hekalu wameliacha mbali, na wote wanataka neno moja tu, lini tunarudi. Sasa barua inawaambia nini? Mstari wa 5, "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake; kapandeni bustani, mkale matunda yake." Mstari wa 6 wanaambiwa waoe, wazae, na watoto wao nao waoe na kuolewa. Mstari wa 7 wanaambiwa wauombee kwa Bwana ule mji uliowateka, maana mji ukipata amani na wao watapata amani. Alafu mstari wa 10, miaka sabini. Miaka sabini ndugu zangu! Yaani wengi walioisikia hiyo barua ikisomwa walijua kabisa watafia hukohuko Babeli. Baada ya hapo ndo unakuja huo mstari wa 11 tunaouweka kwenye keki.

Na ukirudi nyuma sura moja, sura ya 28, unakutana na nabii anaitwa Hanania. Huyu alisimama hekaluni mbele ya watu wote akasema ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vyote vinarudi na mateka wote wanarudi, akaichukua nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja. Watu lazima walifurahi sana siku ile, nani asiyetaka miaka miwili badala ya sabini. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba, na mateka hawakurudi. Sasa mimi naogopa, kwasababu mahubiri mengi tunayoyakimbilia siku hizi ni ya Hanania yamevikwa mstari wa Yeremia. Mtu anaambiwa kabla mwezi haujaisha gari litakuja, ndoa itakuja, kazi itakuja, anasomewa Yeremia 29:11, anatoa sadaka, mwezi unaisha. Anayebaki na maumivu ni yeye, maana anarudi nyumbani anajiuliza imani yangu ina tatizo gani, wakati tatizo ni kwamba hakusomewa mstari wa 10.

Pale kwetu jumuiyani tulisoma hiyo sura yote kwa sauti, tukapokezana. Yupo kijana wetu ana diploma, anatafuta ajira muda mrefu, kila tukiuliza maombi ni ajira. Tulipofika kwenye "kapandeni bustani" mama mmoja mtu mzima akamgeukia akamuuliza taratibu tu, mwanangu, na wewe bustani yako iko wapi? Hakumuuliza kwa kumsema, alimuuliza kama mama. Kijana akanyamaza, lakini tukaendelea kuongea tukakubaliana kwamba kusubiri ahadi ya Mungu na kufanya kitu hapohapo ulipo vimeandikwa kwenye barua moja. Saivi analima mchicha na matembele kwenye kiplot cha shangazi yake, anauza, na ajira bado anaomba na sisi tunaomba naye. Ajira haijapatikana, nasema hivi ili mtu asidhani natoa ushuhuda wa muujiza. Ila sisi wenyewe maombi yetu yalibadilika. Ule mstari wa 7 ulitushika. Tulikuwa tunaomba kila mtu la kwake, mtoto wangu, mume wangu, biashara yangu, sasa hivi kila Jumamosi lazima tuuombee mji, tunawataja manesi wa zamu ya usiku, walimu, mtendaji wa mtaa, akina mama wanaoshusha mboga Soko la Chifu Kingalu alfajiri, na ndugu zetu waislamu tunaoishi nao ukuta kwa ukuta. Mungu alipowaambia mateka wauombee Babeli mji mzima, na Wababeli walikuwemo.

Kitu kingine ni Zaburi 91. Hii tunaisoma safarini, tunaisoma usiku, wengine wanaiacha Biblia imefunuliwa hapo kitandani usiku kucha. Sasa kuna jambo ambalo nadhani wengi hatujaliangalia vizuri. Yule aliyemnukulia Yesu Zaburi 91 ni Shetani! Fungua Mathayo 4:6, anampandisha kwenye kinara cha hekalu anamwambia jitupe chini, kwa maana imeandikwa, atakuagizia malaika zake. Alikuwa ana mstari kabisa. Lakini Zaburi yenyewe inasema "atakuagizia malaika zake wakulinde katika njia zako zote", na hapo kwenye njia zako zote yeye alipaacha, na mstari wa 13 unaosema habari ya kumkanyaga nyoka hakuugusa kabisa. Yesu akamjibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, usimjaribu Bwana Mungu wako. Kwahiyo kujua mstari kwa kichwa peke yake siyo dalili ya chochote, hata adui anajua. Nawaambia vijana wetu wa bodaboda, ambao wengi ni waombaji kweli, asubuhi wanaisoma Zaburi 91 alafu anapakia abiria wawili, helmeti ameitundika kwenye usukani, anaovateki kwenye kona. Mdogo wangu, ile Zaburi inakulinda kwenye njia zako, na helmeti kichwani ni sehemu ya hizo njia.

Wafilipi 4:13 ndo usiseme, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Wanafunzi kabla ya mtihani, wachezaji mpira, wagombea, wote. Paulo alikuwa amefungwa minyororo wakati anaandika. Mstari wa 12 anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, kwahiyo hayo mambo yote anayoyaweza ni pamoja na njaa. Lakini mi kinachonigusa zaidi ni mstari wa 14, unaofuata palepale, "Lakini, mlifanya vema, kushiriki nami katika dhiki yangu." Yaani mtu aliyesema anayaweza yote hapohapo anashukuru kwa kuletewa vitu. Kuna Epafrodito alitumwa kutoka Filipi kumpelekea msaada, akaugua karibu ya kufa, iko sura ya 2.

Nilimkuta dada mmoja wodini, amelazwa na mtoto, yeye na mtoto wote wamechoka. Nikamuuliza hali, akanionyesha simu. Ilikuwa imejaa mistari. Nayaweza mambo yote, Bwana ndiye mchungaji wangu, usiogope maana mimi ni pamoja nawe, watu wengi kutoka grupu la kanisa, na mikono ya maombi chini ya kila meseji. Alikuwa hajala tangu jana yake jioni. Kanga aliyovaa ndo hiyohiyo aliyomfutia mtoto matapishi. Mtu wa kwanza kumletea chupa ya uji na kanga ya kubadilisha alikuwa jirani yake ambaye kwenye hilo grupu hata hayumo. Jamani, Yakobo 2:15-16 anasema habari hiyohiyo, mtu amepungukiwa riziki na wewe unamwambia enenda kwa amani ukaote moto na kushiba, na humpi mahitaji ya mwili, yafaa nini? Mimi sisemi msitume mistari. Mgonjwa anahitaji neno, lakini tuma neno ukiwa njiani na chupa ya uji.

Na hapa kwenye ugonjwa nataka niongee kwa uchungu kidogo. Yakobo 5:14 inasema mtu akiwa hawezi awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Tunafanya hivyo na tutaendelea kufanya. Lakini yupo mama ninayemfahamu, mgonjwa wa presha, aliambiwa na mtu aliyekuja kumwombea kwamba akiendelea kumeza dawa ni kutokuamini, akaacha dozi, na leo mkono wa kushoto haufanyi kazi na anaongea kwa shida. Huyo aliyemwambia hajarudi hata kumsalimia. Sasa Biblia ile ile tunayoisoma inasema Hezekia alipougua aliomba akalia, Mungu akasikia akamwongezea miaka kumi na mitano, na nabii Isaya akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu, 2 Wafalme 20, na akapona. Paulo anamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Luka aliyeandika Injili anaitwa tabibu mpendwa. Na Trofimo, mtu aliyetembea na Paulo, 2 Timotheo 4:20 inasema aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Aliachwa mgonjwa na mtume mwenyewe, na hakuna mahali ameambiwa hana imani! Wachungaji wetu naomba haya yasomwe madhabahuni kwa sauti, kabla ya ibada za maombezi, watu wetu wanaumia.

Niseme na la maadui. Maombi ya usiku siku hizi ni Zaburi 35 na Zaburi 109, "upigane nao wanaopigana nami", na mtu anapoomba unamsikia kabisa anamfikiria nani, ni wifi yake, ni mama mkwe, ni jirani wa duka la pili. Sikatai kwamba watu wanaonewa, na Mungu ametupa Zaburi hizo ili aliyeonewa apeleke hasira yake kwake badala ya kuchukua panga. Lakini isome Zaburi 35 mpaka mstari wa 13, Daudi anasema wale watu walipougua yeye alivaa gunia, akafunga, akawaombea. Haohao wanaomtesa! Sasa wewe unayeomba wifi yako apigwe, alipolazwa ulifunga? Na hata ile Mathayo 18:20 tunayoitumia tukiwa wachache, wawili watatu, ukiisoma sura yote inahusu ndugu aliyekukosea, umwendee mkiwa wawili tu, na mstari wa 21 Petro anauliza nisamehe mara ngapi.

Kwa hili la maadui sina mfano mkubwa kuliko wa majirani zetu Uganda. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana aliuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alijua na yeye anatafutwa, akakimbia usiku na mke wake kupitia milimani mpaka Rwanda. Baadae akiwa London, kwenye ibada ya Ijumaa Kuu, yakasomwa yale maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Yeye mwenyewe alieleza kwamba moyo wake ulikuwa umejaa chuki kwa Amin, na palepale yale maneno yakamshika, akaona hawezi kuendelea kumchukia, akamsamehe, na akaja kulitangaza jambo hilo waziwazi mbele ya dunia. Mstari mmoja huo, Luka 23:34, ila ona ulimfanya nini. Haukumpa kitu, ulimtaka atoe kitu ambacho kilikuwa kinamuuma sana kukitoa.

Kwahiyo mtu asije akasema nadharau mstari mmoja. Wenzetu wa Moravian, wale wa Mbeya na Tabora wanaujua utaratibu huu vizuri, wamekuwa wakisoma neno moja la kila siku tangu 1728 kule Herrnhut Ujerumani, na tangu 1731 linachapishwa kitabu, na neno la Agano la Kale linaambatana na la Agano Jipya ili yasomwe pamoja. Na uamsho wetu wa Afrika Mashariki, ulioanzia kwa watu kama Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, hao wawili mwaka 1929 walikaa Namirembe, Kampala, wakafuatilia kwenye Biblia, mahali kwa mahali, yanayosemwa kuhusu Roho Mtakatifu, na kutoka hapo moto ukashika Gahini kule Rwanda, ukaenda Uganda yote, ukaingia Bukoba, ukafika Kenya. Walokole wa zamani walikuwa na mstari wao, 1 Yohana 1:7, kuenenda nuruni, na maana yake kwao ilikuwa mtu anasimama mbele ya wenzake anasema mimi nilimwibia fulani, alafu anairudisha ile mali. Bibi zetu wanakumbuka, majembe yalirudishwa, madeni yalilipwa, mume alimwomba mke msamaha mbele za watu. Hiyo ndo ninayoiita kuutumia mstari.

Msibani nako tuwe waangalifu. Mtu amezika mtoto asubuhi, mchana tunamwambia "kazi ya Mungu haina makosa", ambayo hata kwenye Biblia haijaandikwa hivyo, au tunamsomea Warumi 8:28 kwamba mambo yote hufanya kazi kwa kumpatia mema, kaburi bado bichi. Mistari miwili juu yake, wa 26, Paulo anasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo na Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Anzeni hapo, kaeni naye mkekani. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na walianza kuharibu walipoanza kuongea. Na kuna Zaburi 88 inayoishia gizani kabisa, haina shukrani mwishoni, haina haleluya, na bado ni maombi na yamo kwenye Biblia. Mfiwa akiambiwa kwamba hiyo ipo na anaruhusiwa kuiomba, nimeona mtu akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Kwa jumuiya zinazotaka kuanza, sisi tunafanya hivi tu. Sura inasomwa kwa sauti kwasababu tunao wazee wasiosoma na wengine macho yameisha, tunakaa kimya kidogo, inasomwa tena na mtu mwingine, alafu tunaulizana nani anaongea hapa, anaongea na nani, na anatutaka sisi tufanye nini wiki hii. Ndo tunaomba, na tunaomba kwa maneno yaleyale tuliyoyasoma. Wenye Biblia za kwenye simu ukishapakua haili bando. Na mtu asione aibu kusema sijaelewa. Yule Mwethiopia wa Matendo 8, mtu mkubwa, mtunza hazina ya malkia, Filipo alimuuliza yamekuelea haya unayosoma, akajibu nitawezaje kuelewa mtu asiponiongoza, akampandisha garini wakakaa pamoja. Alikuwa anasoma Isaya, na kabla safari haijaisha alikuwa amebatizwa.

Sasa Mhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye gazeti huwa mnaweka kile kiboksi cha neno, mstari mmoja na picha ya jua linachomoza. Wengi wanakikata wanakibandika ukutani, mama ntilie wa hapa stendi anavyo vingi pale juu ya meko. Naomba chini ya mstari muongeze tu kamstari kadogo, soma kuanzia hapa mpaka hapa. Kwa Yeremia 29:11 mngeandika soma 29:1 mpaka 14. Nafasi ipo, picha ya jua ipunguzwe kidogo. Na kama wachungaji na makatekista wanasoma barua hii, naomba Jumapili moja kila mwezi neno kuu lisomwe sura nzima bila kurukwa, hata kama ibada itachelewa kuisha.

Wenu katika Kristo,
Katibu wa jumuiya, Kihonda, Morogoro